Maelezo ya Picha katika Stereoskopu: Safari ya Juja, 1909

Uhakiki wa picha za kale aghalabu hukomea kwenye sura. Albamu na stereoskopu zikishawekwa nyuma ya kioo cha makumbusho, husifiwa umri wake, ngozi yake na shaba yake. Lakini vitu hivi havikamiliki bila maneno yaliyoandamana navyo, na maneno hayo ndiyo yanayostahili kuhakikiwa kwanza.

Stereoskopu, aliyoieleza Charles Wheatstone mwaka 1838, hutumia picha mbili za kitu kimoja, zilizoachana kidogo kama yaachanavyo macho. Kila jicho hutazama yake. Ubongo huziunganisha, na kilicho bapa kikapata kina. Kuiita darubini, basi, ni kupotosha: darubini husogeza cha mbali, haikipi kina. Mwaka 1861 Oliver Wendell Holmes alibuni stereoskopu nyepesi ya mkononi, nayo ikaenea katika nyumba za Wamarekani.

Kwa chombo hicho Afrika ya Mashariki iliingia sebuleni mwao. Mwezi Mei 1909 Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wa William Northrup McMillan katika shamba la Juja, baina ya Ruiru na Thika, na kampuni ya Underwood & Underwood ilitoa kadi za safari yake ya uwindaji. Katika kadi za aina hii, kwa kawaida mwindaji hutajwa kwa jina na cheo, mnyama kwa aina yake, na wapagazi huwa "wenyeji" tu. Hapo pana kinaya: lenzi huwapa watu hao kina, maelezo huwarudisha kuwa bapa. Wala si kwamba majina hayakujulikana. Katika *African Game Trails* (1910), Roosevelt mwenyewe anamtaja Bakari, mbeba bunduki wake.

Kimya hicho hakikuwa cha kadi peke yake. Maktaba ya McMillan, Nairobi, inayohifadhi pia picha za kale, ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya mwenye Juja, ikawa ya Wazungu pekee hadi 1958. Kwa miaka 27 wana wa wapagazi hawakuruhusiwa hata kuyasoma maelezo hayo, seuze kuyasahihisha.

Maelezo ya zamani yasifutwe, maana ni ushahidi. Yaandikiwe mengine kando yake, kwa Kiswahili na kwa Gikuyu, yenye majina kila yanapopatikana. Mtazamaji akiyasoma yote mawili ataona si mwindaji tu, bali pia nani aliyembebea bunduki.