Kamba, Shingo na Saa: Namna Ali Alivyomwangusha Foreman

Waulize mashabiki wa ngumi wa Kilindoni, hapa kisiwani Mafia, jinsi Muhammad Ali alivyompokonya George Foreman ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, na karibu wote watakutajia kamba. Ali aliegemea kamba, Foreman akapiga mpaka akaishiwa nguvu, Ali akammaliza. Masimulizi hayo yana ukweli, ila yameacha nje sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974. Kamba ilikuwa nyenzo moja kati ya tatu. Mbili nyingine zilikuwa shingo ya Foreman na saa ya raundi. Baada ya kulitazama pambano hili kwa miaka mingi naamini kwamba bila hizo mbili kamba ingemwua Ali, na miaka iliyofuata ndiyo inayotoa ushahidi.

Huku Mafia hakuna aliyeliona siku hiyo. Kengele ya kwanza ililia Kinshasa kama saa kumi usiku, muda uliopangwa ili watazamaji wa Marekani walipate jioni yao. Kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi, na Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Wazee walipata habari kwa redio. Kizazi changu kililiona baadaye, katika vibanda vya video vya Kilindoni, kwa kanda zilizokwisha kuchakaa, wote tukiwa tumekazia macho ngumi za Foreman. Leo simu inakuwezesha kulirudisha, kulipunguza mwendo na kutazama jambo moja tu: miguu, viwiko, mkono wa kushoto, au saa. Ukilitazama hivyo, unaona pambano tofauti na lile la kibandani.

Kwanza tumwelewe Foreman. Alikuwa na miaka 25, ameshinda mapambano yote 40, 37 kati ya hayo kwa kumwangusha au kumsimamisha mpinzani. Januari 1973, mjini Kingston, alimwangusha Joe Frazier mara 6 ndani ya raundi 2. Machi 1974, mjini Caracas, alimmaliza Ken Norton katika raundi ya pili. Hao wawili ndio watu pekee waliokuwa wamewahi kumshinda Ali. Ali mwenyewe alikuwa na miaka 32, na ile miguu iliyomchezesha Sonny Liston mwaka 1964 ilikuwa imepoteza zaidi ya miaka mitatu nje ya ulingo, alipofungiwa kwa kukataa kuandikishwa jeshini.

Kila mtu alitarajia Ali akimbie, na raundi ya kwanza inaonyesha kwa nini hakukimbia. Foreman alikuwa amefundishwa vizuri kuuziba ulingo. Hakumfuata Ali kwa nyuma. Alipiga hatua moja fupi ya pembeni na kumkatia njia. Kwa kila hatua moja ya Foreman, Ali alilazimika kupiga zaidi ya moja, juu ya turubai laini lililozivuta nguvu za miguu, katika joto zito la Kinshasa. Bondia wa miaka 32 hawezi kulipa gharama hiyo kwa raundi 15. Ali alifanya hesabu hiyo ndani ya dakika tatu.

Katika dakika hizo hizo alifanya jambo ambalo vibandani hatukulitilia maanani. Alianza mashambulizi kwa mkono wa kulia. Bondia anayesimama mguu wa kushoto mbele hutanguliza konde la kushoto, kwa sababu la kulia linatoka nyuma, linasafiri mbali, na linamwacha mpigaji wazi likikosa. Kocha yeyote humkataza kijana wake kulitanguliza. Kwa kuwa hakuna anayelitanguliza, hakuna anayejizoeza kulizuia, na wenzake wa mazoezi wa Foreman hawakumwandaa kwa hilo. Makonde kama dazeni ya aina hiyo yalimfikia usoni katika raundi ya kwanza. Hayakumwangusha, lakini yalimkasirisha. Foreman aliyekasirika aliacha ngumi zake fupi akaanza kuzungusha ndefu na pana, zinazotokea mbali nje ya mabega. Ngumi za namna hiyo ndizo pekee ambazo mpango wa kamba ungeweza kuzihimili.

Raundi ya pili Ali akarudi nyuma mpaka kambani, na hapo kona yake mwenyewe ikaanza kumpigia kelele atoke. Ukiutazama mwili wake kwa utulivu, unaona kila kiungo kina kazi. Viwiko vimebanwa mbavuni. Glovu ziko mashavuni. Kiwiliwili kimelala nyuma kiasi kwamba kichwa kinatoka nje ya ulingo, juu ya waandishi walioketi ukingoni. Foreman akitaka uso, lazima anyooshe mkono mpaka mwisho wake, na ngumi inayofika mwisho wa mkono imekwisha kupoteza uzito. Akitaka mwili, anakuta mikono na viwiko. Ile inayopenya inausukuma mwili, mwili unasukuma kamba, na kamba inabeba sehemu ya nguvu hiyo. Mvuvi wa mshipi wa hapa kwetu anaifahamu kanuni hii: nguru mkubwa akikurupuka hukazi uzi, unaulegeza ili nguvu yake iishie majini, kisha unavuta anapopumua.

Watu wamebishana kwa miaka mingi kama kamba zililegezwa makusudi na kona ya Ali. Angelo Dundee, kocha wake, alikana. Kwa mchambuzi, jambo la maana ni kwamba zilikuwa legevu, na kwamba zilikuwa legevu kwa wote wawili. Ali ndiye aliyeligundua hilo na kulifanyia kazi pambano likiendelea.

Sasa tazama mkono wa kushoto. Kila Foreman alipoingia karibu, mkono wa kushoto wa Ali ulizunguka nyuma ya shingo yake na kumvuta chini, kichwa kikabanwa, na uzito wa Ali, kilo 98 hivi, ukaegemea juu yake. Foreman akalazimika kunyanyua mzigo huo ili asimame wima na kupiga tena. Lirudie hilo mara nyingi kwa kila raundi, na misuli ya shingo, mabega na mgongo wa chini inakwisha kabla ya mikono. Ali alikuwa ameifanyia kazi mbinu hii Januari mwaka huo huo, alipomshinda Frazier kwa pointi katika pambano lao la pili. Mwamuzi Zack Clayton angeweza kuikemea zaidi. Hakuikemea vya kutosha kuizuia. Wengi tunasema Foreman alichoshwa na ngumi zake mwenyewe. Mimi nasema shingo yake ilichangia sawa na mikono yake.

Nyenzo ya tatu ni saa. Chukua raundi ya tano, ambayo Foreman alifungulia kila alichokuwa nacho. Kwa zaidi ya dakika mbili Ali anaziba, anasogeza kichwa, anasema maneno sikioni mwa mpinzani. Zikibaki kama sekunde 30, anainuka kutoka kambani na kumwaga makonde ya kunyoosha, ya kushoto na ya kulia, yakipita katikati ya mikono ya Foreman iliyotanuka, na uso wa bingwa unageuzwa huku na huku. Kengele inalia, na picha inayobaki machoni pa majaji ni ya Ali akipiga. Hivyo ndivyo mtu aliyetumia sehemu kubwa ya pambano mgongo wake ukiwa kambani alivyokuwa akiongoza kwenye kadi zote tatu za pointi lilipomalizika. Hakuwa akisubiri tu Foreman achoke. Alikuwa akishinda raundi, na kama Foreman angebaki wima mpaka ya 15, huenda angeshindwa kwa pointi.

Saa ilimfanyia kazi kwa njia nyingine pia. Mapambano 8 ya Foreman yaliyotangulia yalikuwa yamekwisha ndani ya raundi 2. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na mapafu mazuri mazoezini, lakini amekwisha kusahau namna ya kugawa nguvu zake katika pambano refu, kwa sababu kwa muda mrefu hajahitaji kufanya hivyo. Ali alikuwa amepigana raundi 15 na Frazier mwaka 1971. Alikuwa amemaliza pambano na Norton mwaka 1973 taya likiwa limevunjika. Alifahamu raundi ya saba inavyokuwa. Foreman hakuwa ameifikia kwa muda mrefu.

Mwisho wa raundi ya nane unastahili kutazamwa taratibu. Foreman anasukuma zaidi kuliko kupiga. Akikosa, uzito wake unampeleka mbele mpaka kambani. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Ali anateleza kutoka pembeni, na kwa hatua hiyo wamebadilishana nafasi: Foreman amegeukia kamba, Ali yuko upande wa katikati ya ulingo. Makonde yanafuatana. La kushoto la kuzungusha linamnyanyua Foreman kidevu, la kulia la kunyoosha linakikuta kidevu pale pale. Foreman anaanguka kwa kuzunguka, na Ali anamfuata mkono wa kulia ukiwa tayari, lakini haushushi. Clayton akahesabu, na ikawa dakika ya pili na sekunde ya 58 ya raundi. Konde lile la mwisho la kulia ni lile lile la raundi ya tano, lililopita katikati ya mikono iliyotanuka. Tofauti ni kwamba sasa nyuma ya kidevu hapakuwa na shingo yenye nguvu ya kulipokea.

Kwa hiyo ni nini kilichofanya kazi? Hapa miaka iliyofuata inatusaidia, maana Ali aliendelea kurudi kambani, na kila mpinzani alitupa jibu lake. Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, Frazier aliingia chini na kupiga ngumi fupi za mwilini kutoka karibu, chini ya viwiko. Kamba haiwezi kubeba ngumi ya namna hiyo, kwa sababu haisukumi mwili nyuma. Inaingia na kubaki. Ali alishinda baada ya raundi 14, lakini wote wawili walitoka wakiwa wameumia vibaya.

Ushahidi mzito zaidi ni Leon Spinks. Tarehe 15 Februari 1978, Las Vegas, Ali alitumia raundi za mwanzo kambani akingoja kijana wa miaka 24, mwenye mapambano 7 tu ya kulipwa, achoke. Spinks hakuchoka. Ali hakumlemea shingo vya kutosha, na mwisho wa raundi alikuwa akizikimbiza pointi alizokwisha kuzitoa bure. Akapoteza ubingwa. Miezi saba baadaye, tarehe 15 Septemba, New Orleans, akaiacha kamba kabisa: konde la kushoto la kunyoosha, kuzunguka, kisha kumshika Spinks shingoni kila alipokaribia. Alishinda kwa pointi na kuwa bingwa kwa mara ya tatu. Kamba peke yake ilimpotezea mkanda, na shingo na saa bila kamba vikamrudishia. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Mwili nao ulikuwa ukilipa. Februari 1980 Ali alifika Dar es Salaam akiwa amestaafu, ametumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kumpokea, na Tanzania ilikwenda Moscow, ambako Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walitupatia medali za fedha. Miezi minane baada ya safari hiyo, Ali akiwa na miaka 38, alirudi ulingoni dhidi ya Larry Holmes, aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi. Holmes alikuwa na konde la kushoto fupi, lililonyooka, lisilopoteza nguvu. Hakukuwa na kitu cha kumchosha. Dundee alilisimamisha baada ya raundi ya kumi. Mwaka 1984 madaktari walitangaza dalili za ugonjwa wa Parkinson. Tunaompenda Ali hatuna budi kuyatazama hata hayo, na kukiri kwamba ngumi alizozipokea kambani, ulingoni na mazoezini, hazikupotea bure angani.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana. Tangu Hassan Mwakinyo alipomsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, Septemba 2018, hamu ya ngumi imeongezeka nchini mwetu, na wanaojifunza wanajifunza pia kwa simu. Ni rahisi kuona sekunde chache za Ali kambani na kuamini kwamba ushujaa ni kupigwa bila kuanguka. Kocha anayeonyesha pambano la Kinshasa aanze na maswali matatu. Mpinzani anapiga ngumi ndefu na pana, au fupi za karibu? Unao mkono wa kumlemea shingo, na mwamuzi wa siku hiyo atakuachia? Utachukua sekunde zipi za raundi kuwa zako? Ikiwa jibu la lolote kati ya hayo halipo, kijana atoke kambani mara moja, azunguke, na atumie konde lake la kushoto la kunyoosha, kama Ali mwenyewe alivyofanya New Orleans.