Anayeuliza ni Nani?

Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akaishi na Baluba wa Katanga. Katika kitabu chake cha mwaka 1945 aliheshimu hekima yao, twamsifu. Lakini alidhani Mzungu ndiye wa kuwaeleza wenyeji mawazo yao wenyewe.

Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame wa Rwanda alianzia katika maneno ya lugha ya mama yake: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Hata hivyo aliyapanga kwa kuyalinganisha na mafundisho ya Aristoteli. Mwenyeji naye alikuja na shule yake.

Nasi wakatekista tukiwauliza wazee habari za mizimu, hutujibu kama watu wa misioni. Basi tuandike majibu yao, tuandike na jina la aliyeuliza.