Nyota 30,000 Kichwani: Mbinu ya George Alcock ya Kusaka Nova

Nova huitwa nyota mpya, ilhali ni nyota kongwe iliyolipuka usoni tu. Nyota kibete nyeupe huvuta hidrojeni kutoka kwa nyota pacha iliyo karibu nayo. Gesi hiyo hurundikana, hubanwa na kupata joto hadi inapolipuka kinyuklia. Mng'ao huongezeka maelfu ya mara, kisha hufifia, na nyota yenyewe hubaki. Kutoka duniani huonekana nukta ya mwanga mahali ambapo jana hapakuonekana kitu.

Kazi ngumu ni kuwa na hakika na hiyo jana. George Alcock, mwalimu wa shule wa Peterborough, Uingereza, na mwanaastronomia wa ridhaa, alianza kusaka nova mwaka 1955 kwa kukariri anga. Hakukariri majina wala namba, bali maumbo ambayo nyota huyaunda ndani ya darubini ya macho mawili. Kwa njia hiyo alihifadhi takriban nyota 30,000, nyingi zikiwa hafifu mno kwa macho matupu.

Msako wenyewe ni kupitisha darubini polepole, eneo baada ya eneo, hasa kandokando ya Njia Nyeupe, ambako nova nyingi hutokea. Aliyezoea maumbo hahesabu nyota. Ile ya ziada humshtua kama sura ngeni katika baraza la majirani. Hapo hufungua ramani ya nyota kuhakikisha kwamba si sayari, asteroidi wala nyota inayobadilika mng'ao, kisha hutoa taarifa ili wengine wathibitishe.

Nova yake ya kwanza ilipatikana tarehe 8 Julai 1967, katika kundinyota la Delphinus, baada ya miaka 12 ya msako. Hiyo ilikwenda taratibu: ilifikia kilele cha mng'ao Desemba. Zilifuata za 1968, 1970 na 1976.

Ya tano aliiona Machi 1991, akiwa na umri wa miaka 78, katika kundinyota la Hercules. Alikuwa ndani ya nyumba, akitazama kupitia kioo cha dirisha kwa darubini ya mkononi ya 10×50. Nova hiyo ilififia ndani ya siku chache, miongoni mwa zile za kasi kabisa zilizowahi kuonekana. Kwa nova ya aina hiyo, msakaji anayeruka usiku mmoja huenda akaikosa katika kilele chake.