Mwalimu wa Jioni
Pongezi kwa walimu wa tuisheni wa Arua na Koboko, hasa wanaompokea mtoto wa darasa la nne. Mtaala wa Uganda humfundisha kwa Kilugbara au Kikakwa hadi la tatu. La nne ni la kuvukia Kiingereza, na hapo wengi hukwama. Nyumbani wataambiwa ni wazito wa kichwa. Uzito gani! Mwalimu hodari haanzi kwa kumrundikia mazoezi. Humuuliza hesabu ileile kwa lugha ya mama, au kwa Kiswahili kama katokea Kongo, asikie kilichokwama ni hesabu au ni Kiingereza. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya UVIKO-19, kazi hiyo iliongezeka. Mzazi anayemtafuta mwalimu wa hivyo aulize kwanza anazungumza lugha zipi, ada baadaye.