Fundi wa Katikati

Daniel Stenberg wa Uswidi alitoa programu ya curl mwaka 1998. Mwaka 2000 akaitenga injini yake ikawa maktaba, libcurl, ili programu nyingine nazo zitume na kupokea data mtandaoni bila kuanza upya. Maktaba hiyo imeandikwa kwa C, lakini wengi wanaoitegemea hawajawahi kuandika hata mstari mmoja wa C: wako kwenye PHP, Python, Ruby, Rust. Kati yao na libcurl yupo mtu anayeandika kiunganishi na kukitunza.

Kukiandika kuna raha yake. Kukitunza ndiko kunakochuja watu.

Tazama chaguo moja tu, CURLOPT_POSTFIELDS, linaloikabidhi libcurl data ya kupeleka kwenye seva. libcurl hainakili data hiyo. Hushika tu anwani yake kwenye kumbukumbu, ikitarajia kuikuta palepale. Python nayo ina desturi yake: kitu kisichoshikwa tena na yeyote hufutwa. Kisiposhikiliwa mpaka utumaji uishe, libcurl itasoma mahali palipokwisha kupewa kitu kingine. Huenda programu ikaanguka papo hapo. Baya zaidi, huenda ikapeleka takataka kimyakimya. Mtunzaji anazijua sheria za pande zote mbili, na huandika mistari michache inayozuia balaa ambalo mtumiaji hatalisikia kamwe. Huo ni ufundi hasa.

Mtu wa namna hii hapatikani kwa tangazo. Anayeimudu C mara nyingi hakihitaji kiunganishi. Aliyezama kwenye Python aliiepuka C makusudi. Mradi wa curl haukujitwisha kuvitunza vyote, na hapo ulipima vizuri. Viunganishi, vya lugha na mazingira zaidi ya 50, vimeachwa mikononi mwa wenye lugha zao, kwa kuwa ndio wanaoumia vikiharibika. Kile cha PHP kilianzishwa na Sterling Hughes, na leo husafiri ndani ya PHP yenyewe.

Wajibu wa mradi mama ni kutowachosha watu hawa. Tangu toleo 7.16.0 la Oktoba 2006, libcurl haijabadilisha namna programu zilizokwisha kujengwa zinavyoungana nayo, hivyo toleo jipya haliwalazimishi watunzaji kubomoa na kujenga upya. Mwaka 2007 ikaanza kunakili yenyewe maandishi mengi inayopewa. Mwaka 2020, toleo 7.73.0 likaleta njia ya kiunganishi kuiuliza maktaba ina machaguo gani, na kila moja linataka namba, maandishi au kitu kingine. Kiunganishi kisichokuwa na njia hiyo hulazimika kubeba orodha yake chenyewe, na mtunzaji huipitia tena kila machaguo yanapoongezwa. Kwa anayejitolea usiku baada ya ajira ya mchana, saa zinazookolewa hivyo ndizo anazozitumia kujibu ripoti za hitilafu.