Nyasi katika Methali na katika Picha

Mchoraji anayeichukua methali "Wapiganapo tembo nyasi huumia" hukabiliwa na kishawishi cha kuwapa tembo turubai yote. Akifanya hivyo, huwa ameipindua sentensi. Kisarufi, tembo wamo katika kishazi tegemezi. Kishazi kikuu ni cha nyasi. Vita vyataja wakati tu. Maumivu ndiyo habari yenyewe.

Tatizo la pili ni kiambishi hu-. Methali haisemi kwamba nyasi ziliumia au zinaumia. Yasema huumia, yaani kila mara. Picha ya rangi pekee hunasa nukta moja ya wakati. Pieter Bruegel, katika mchoro wake wa 1556 wa samaki wakubwa kuwala wadogo, alimtia mashuani mtu mzima anayemwonyesha mtoto mkasa ule, ili tukio liwe fundisho.

Picha ya vifaa mseto ina njia nyingine. Mwaka 1912 Picasso aliizungushia picha yake moja kamba halisi, kitu chenyewe kikakaa kando ya rangi. Basi tembo na wachorwe kwa rangi, nyasi zibandikwe zenyewe. Zitakauka, zitapauka na kupukutika mbele ya watazamaji, hali tembo wangali wazima. Mhifadhi wa picha huenda akaiona hiyo kuwa kasoro. Kwa mwanafunzi wa lugha, hiyo ndiyo hu- iliyopata umbo. Na kuzipaka nyasi dawa ili zisibadilike ni kuifuta.