Usiisome Kimyakimya

Mgeni wa tamthilia aanzie wapi? Mimi humpa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kuhusu Vita vya Maji Maji. Ila asiisome kama tulivyoisoma wengi shuleni, kimyakimya, tukisaka dhamira za mtihani. Kinjeketile anazama mtoni, anaibuka mkavu. Kwenye karatasi unapita tu. Jukwaani unaona nyuso za watu wakianza kuamini, nawe unajua risasi za Mjerumani zinawangoja. Riwaya ingekuwa na msimulizi wa kukushika mkono. Hapa hayupo, uamuzi ni wako. Basi tafuta wenzako watatu, gawaneni wahusika, someni kwa sauti. Mwenzako akikujibu kwa hasira usiyoitegemea, hapo tamthilia imeanza.